Goti la Namba Nne

Kadi ile bado ninayo. Ni kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, kilichokunjwa mara moja, na mwandiko wake ni wa mtu aliyefundisha shule ya msingi hadi akastaafu: herufi zimesimama wima na kila nukta iko mahali pake. Kina maneno kumi na tarakimu moja. "Namba 4. Goti la kushoto, anaficha. Ana hofu ya Jumamosi. Aombewe."

Hakuna jina ndani yake. Kanuni ya kutoandika majina niliitunga mimi, na kwa muda mrefu nilijivunia.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha na kuwafuatilia walezi wa kiroho wa timu za kandanda katika Migori na Homa Bay. Walikuwa wazee wa kanisa, wainjilisti, walimu wa Shule ya Sabato na wahubiri wa makanisa madogo ya mabati. Wachezaji waliwaita wote pasta bila kuuliza cheo. Makanisa machache yaliyoshirikiana katika kazi hiyo yalinichukua kwa sababu kwa miaka mingi nilikuwa nikituma matokeo ya mechi za huku kwenye gazeti: nani kafunga, dakika ya ngapi, nani katolewa kwa kadi nyekundu. Walitaka mtu anayeujua uwanja na anayeweza kuweka kumbukumbu. Imani yangu hawakuiuliza sana.

Tulikutana wakati wa likizo, siku tatu, katika darasa la shule moja ya msingi huko Ndhiwa. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo wahubiri watu wazima waliketi magoti yakikaribia kidevu, madaftari yakiwa juu ya magoti hayo. Wengi hawakuwa wamegusa mpira tangu waache shule. Kuomba walijua kunizidi. Mimi niliwafundisha mahali pa kusimama. Usiketi kwenye benchi la kocha. Usimwulize kocha kwa nini fulani hachezi. Usiombe timu yako ishinde, maana ng'ambo ya uwanja kuna pasta mwenzako anaomba hivyo hivyo.

"Na kama yeye anaomba, japuonj?" aliniuliza mzee mmoja wa Migori. Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo, na ndivyo walivyoniita.

"Mwache aombe."

"Basi sisi tutakuwa tunafungwa tukiwa wapole."

Darasa lilicheka, nami nikacheka, kisha nikarudi ubaoni.

Kanuni mbili nilizirudia kila siku. Ya kwanza ilikuwa kuomba kwa mahsusi. Wahubiri wetu wana maombi yanayoanzia Edeni na kupitia serikalini kabla ya kumfikia mtu aliye mbele yao, na mchezaji wakati huo amesimama juani, misuli aliyoipasha imeshapoa. Nikawaambia: taja shida yenyewe. Usiseme "wabariki watoto wako." Sema ni nini kinachomsumbua.

Ya pili ilitokana na aibu. Mmoja wao alisahau daftari lake kwenye duka la fotokopi mjini Homa Bay, na kufikia jioni watu walishajua ni mchezaji yupi amekimbiwa na mke na ni yupi ameshindwa kuacha kunywa chang'aa. Nikafuta majina. Nikasema, kuanzia leo andikeni namba ya jezi.

Wote waliandika. Hakuna aliyeinua mkono. Tulikuwa watu wa kanisa, na kanisani namba ni ya wimbo. Ukitangaza mia moja na mbili hakuna anayeaibika. Uwanjani ni kinyume. Wako wachezaji niliowaripoti misimu mitatu bila kujua wanaitwaje kwao, lakini namba zao alizijua hata mama aliyeuza njugu langoni. Wale wahubiri wangeweza kusamehewa kwa kutoliona hilo. Mimi nilikuwa nimekula mkate kwa namba hizo.

Mlezi wetu bora alikuwa Msabato, yule mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa na timu moja ya Ndhiwa. Hakuwa msemaji. Baada ya mazoezi aliketi juu ya matofali ya jengo lisilokwisha nyuma ya goli, na wachezaji walimwendea mmoja mmoja kana kwamba wanapita tu. Shida yake ilikuwa moja: mechi nyingi zilichezwa Jumamosi, na Jumamosi yeye hakanyagi uwanjani. Alituambia kwa upole kwamba siku hiyo ilikuwepo kabla ya kandanda.

Nikampa msaidizi wa Jumamosi, Mpentekoste mmoja fundi cherehani wa sokoni, mtu mwenye sauti kubwa na moyo usio na kona. Na ili kazi isikatike nikabuni kadi ya Ijumaa. Kabla jua halijazama, Msabato angeandika nani ana shida gani, kwa namba, na kumkabidhi mwenzake mkononi. Kadi isipitie kwa mtu wa tatu. Isiachwe dukani. Isisomwe kwa sauti. Niliifikiria njia yote ya kadi ile isipokuwa mahali inapoishia.

Namba nne alikuwa beki wa kati, kijana wa Karungu wa miaka ishirini na mitatu, mrefu, aliyecheza mdomo ukiwa wazi kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Mama yake alianika omena, dagaa wa ziwani, huko ufukweni. Yeye alihamia Ndhiwa kwa shangazi yake kwa ajili ya mpira tu. Msimu huo ilikuja habari kwamba mtu wa klabu kubwa ya Nairobi angefika kumtazama, yeye hasa, katika mechi ya Jumamosi dhidi ya timu kutoka Migori. Akimpendeza, Januari angekwenda Nairobi kujaribiwa. Huku kwetu nafasi kama hiyo haimjii beki. Wanaotafutwa ni washambuliaji. Kila mtu Ndhiwa alijua habari hiyo, na kila mtu alimkumbusha.

Jumanne ya wiki hiyo aliteguka goti akishuka kwenye bodaboda. Alhamisi alikwenda kuketi kwenye matofali. Mazungumzo yao nayajua kwa sababu Msabato alinisimulia baadaye neno kwa neno, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Pasta, hii goti inaniacha nikigeuka."

"Inakuacha namna gani?"

"Mimi naenda, yenyewe inabaki."

"Mwambie kocha."

"Nikimwambia nitakaa benchi. Huyo mtu hatoki Nairobi kuja kuona benchi."

"Basi nenda kwa daktari."

"Daktari Jumatatu. Ni Jumamosi moja tu, pasta. Niombee, na mtu asijue. Hata mama asijue."

Tangu Jumatano alifanya mazoezi na suruali ndefu katika jua lile, akisema ana baridi ya malaria. Wenzake walimzomea: "Omera, ndugu, umekuwa bibi harusi? Tuonyeshe miguu!" Alicheka pamoja nao na hakuivua.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Msabato aliandika kadi, akaenda nayo sokoni kwa miguu, akamkabidhi fundi cherehani mkononi, akarudi nyumbani kuipokea Sabato.

Jumamosi nilifika mapema na daftari langu. Uwanja ule una nyasi pembeni tu. Katikati ni udongo mwekundu uliopigwa chokaa. Mheshimiwa mmoja alikuwa amealikwa kukabidhi jezi mpya. Yeye hakufika, lakini vyombo vyake vya sauti vilifika tangu asubuhi, spika mbili ndefu zikitazama umati. Mtu wa Nairobi aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mstari wa kati, kofia nyeupe kichwani, daftari dogo kama langu mapajani.

Duara la maombi lilikuwa wazo langu pia. Timu zote mbili zilikutana katikati ya uwanja, mwenyeji akimshika mkono mgeni, ili wakumbuke kwamba wanacheza na watu. Siku hiyo namba nne aliangukia kati ya kipa wa Migori na mshambuliaji wao, namba tisa. Alikuwa amevua suruali. Kwa mbali goti halikuonyesha kitu.

Fundi cherehani alipewa kipaza sauti. Alitoa kadi mfukoni, akavaa miwani, akaisoma kimya, akairudisha mfukoni. Nilimwona na nikaridhika. Kisha akafumba macho na kuomba kama nilivyomfundisha.

"Baba, leo hatuji na maneno mengi. Tunamleta namba nne wa timu ya nyumbani. Wewe unaliona goti lake la kushoto. Wanadamu anawaficha, lakini wewe hawezi kukuficha. Mwondolee hofu aliyonayo juu ya mchezo huu. Likaze goti hilo, la kushoto, Baba, kwa jina la Yesu."

Spika za mheshimiwa zilikuwa nzuri sana. Sala ilifika hadi barabarani.

Amina ya wenyeji ilichelewa. Ya wageni ilikuja upesi na kwa nguvu.

Mimi sifumbi macho watu wakiomba. Ni tabia iliyobaki kutoka kazi ya gazeti. Nilimwona namba tisa akifumbua macho na kutazama chini, akiwa bado amemshika mwenzake mkono. Alilitazama goti kwa muda. Kisha akaubonyeza ule mkono kidogo, kama mtu anayetoa pole msibani, akatabasamu. Kwenye kiti cha plastiki, kofia nyeupe iliinama na kuandika.

Kocha alimvuta namba nne kando, nami nikasogea nisikie.

"Kumbe una goti?"

"Iko sawa, kocha."

"Wiki nzima umenidanganya na suruali."

"Iko sawa, walahi."

Kocha alikuwa na beki mwingine, ameshapasha misuli, anasubiri kuitwa. Alimtazama huyo, akautazama umati, akamtazama mtu wa Nairobi. Kisha akampiga namba nne begani.

"Si umeombewa? Ingia basi. Tuone kama Mungu ni daktari wa mifupa."

Kuanzia mpira wa kwanza umati ulikuwa na wimbo. Kila alipoukaribia mpira, nusu ya watu waliimba "Kushoto! Kushoto!" wakipiga makofi mawili mawili. Hawakuwa wageni peke yao. Watu wa nyumbani waliona uchungu kuachwa nje ya raha. Mwanamume mmoja mwenye kikapu cha mayai ya kuchemsha aliunda mikono yake kuwa tarumbeta: "Namba nne, usigeuke! Baba bado anashughulikia!" Waliomzunguka walishikana kwa kicheko.

Naye alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Hilo nililiandika wakati ule ule, halikutokana na huruma ya baadaye. Alijipanga kila mara ili akigeuka ageukie kulia. Mpira wa juu aliuwahi kwa kichwa kabla haujaanguka. Mpira wa chini aliukata mapema, hatua mbili kabla haujamlazimisha kugeuka. Namba tisa alimjia kushoto mara tano au sita na mara zote alikuta mpira umeondoka. Baada ya nusu saa wimbo ulichoka. Mtu mmoja alipiga makofi ya kweli, kisha wengine. Kocha akasimama. Mtu wa Nairobi aliivua kofia, akaiweka gotini, akaegemea mbele. Nilianza kufikiri kwamba huenda fundi cherehani alijua jambo nisilolijua.

Dakika ya thelathini na nane namba tisa alipata mpira nje kidogo ya eneo la hatari. Safari hii hakukimbia. Alisimama, akaukanyaga, akamsubiri. Namba nne alipofika mbele yake, aliusukuma mpira polepole kwa ncha ya kiatu upande wa kushoto, sentimita chache tu, na akamwangalia.

Hapakuwa na njia nyingine ya kuufuata. Aligeuka. Yeye alikwenda na goti likabaki.

Hakuna aliyemgusa. Nilikuwa karibu vya kutosha kuisikia sauti, na ilikuwa ndogo. Refa alionyesha mchezo uendelee, na alikuwa sahihi. Namba tisa hakukimbia hata hapo; alitembea na mpira hadi mbele ya kipa na kuutia wavuni. Kisha akaenda hadi kwenye mstari, akapiga goti moja, la kushoto, akaunganisha viganja na kuinua uso juu. Mwenzake mmoja akapiga goti kando yake, kisha wa pili, kisha wote, mstari mzima wa watu waliopiga goti la kushoto kwa unyenyekevu mkubwa. Umati ulilipuka. Hata wa nyumbani walicheka, ingawa walikuwa wamefungwa, maana ilichekesha.

Mimi niliandika: dk. 38, bao, namba 9. Ndipo nikainua macho kuona kama amesimama.

Fundi cherehani alikuwa ameingia uwanjani mbio, mkono mmoja umeinuliwa tayari. Alipiga magoti kando ya namba nne na kufungua kinywa.

"Pasta," namba nne alisema, "tafadhali. Nyamaza."

Machela haikuwepo. Walimbeba juu ya benchi la wachezaji wa akiba, lile lile alilokuwa akiliogopa.

Wakati wa mapumziko mtu wa Nairobi alinijia. Alikuwa ameambiwa kwamba nawajua wachezaji wa pande hizi.

"Yule namba tisa wa Migori ana umri gani?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia alikotokea, timu aliyochezea kabla, na kwamba hutumia miguu yote miwili. Alinishukuru na kuyaandika. Januari namba tisa alikwenda Nairobi.

Jumatatu niliwaita walezi wote wawili kwenye hoteli ndogo ya chai Ndhiwa. Fundi cherehani alikuwa hajalala tangu Jumamosi. Alikuwa na macho mekundu na hakugusa mandazi. Msabato aliketi wima na kofia mapajani.

"Niliandika siri ya mtu," Msabato akasema, "lakini jina sikuandika."

"Na mimi jina sikulitaja," akasema fundi. "Japuonj, wewe ulikuwepo. Nilitaja jina?"

"Hukutaja."

"Nilirefusha maombi?"

"Hukurefusha."

"Basi tulikosea wapi?"

Walinitazama wote wawili. Hawakuwa wakinishtaki, walikuwa wakiuliza tu, kama walivyouliza darasani, na walitaka jibu ili waliandike. Nikawaambia kwamba tutalitazama katika mafunzo yajayo. Nikalipia chai, nikachukua kadi.

Ripoti yangu kwa makanisa ya mwezi huo ilisema kwamba duara la maombi lilifanyika, timu zote mbili zilishiriki, na mchezaji mmoja aliumia bila kuguswa. Kila neno lilikuwa kweli. Nilijibiwa kwa shukrani.

Daktari alisema kano imekatika na inahitaji upasuaji ambao nyumbani kwao hawakuweza hata kuuzungumzia. Kocha alisema timu si wodi. Jumatano iliyofuata jezi namba nne ilivaliwa na mwingine. Kocha huyo huyo alinijia baadaye na wazo. Alikuwa amezipenda kadi. Alitaka ziwe zinapitia kwake kwanza, siku ya Ijumaa, kabla hajapanga kikosi. Nilipokataa alishangaa kwa kweli.

"Sasa mnaziandikia nani?" aliniuliza.

Wachezaji waliendelea kwenda kwenye matofali, lakini kwa mzaha. "Pasta, andika: namba saba ana njaa." "Pasta, namba kumi anataka mke, mahsusi awe mweupe." Msabato aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa msimu, akaomba kuachwa.

Ilinichukua miezi kwenda Karungu. Nilijiambia kwamba kuna kazi nyingi, na ilikuwepo. Nilimkuta namba nne ameketi kwenye kigoda kando ya nyavu za kuanikia, mguu wa kushoto umenyooka mbele yake kama kitu cha mtu mwingine, mkononi fimbo ndefu. Kazi ya omena ni ya kuinama, na yeye hakuweza. Mama yake alikuwa akiinama, akigeuza samaki wale wadogo kwa viganja. Yeye alifukuza kunguru na korongo.

"Karibu, japuonj," alisema. "Unaona? Bado ni beki."

Sikujua kama nicheke. Alicheka yeye, kwa hiyo nikacheka.

Mama alinyooka, akajifuta mikono kwenye leso, akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye pasta aliyeomba?"

"Hapana, mama."

"Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?"

"Hapana."

"Sasa huko ulikuwa nani?"

"Mimi niliwafundisha."

"Aa," akasema, na akainama tena kwenye omena wake.

Nilikuwa nimekwenda na ombi, na nililitoa hata hivyo. Nilitaka aje kwenye mafunzo yajayo awaeleze wapya lililompata, kwa maneno yake. Alimfukuza kunguru mmoja kabla ya kujibu.

"Nitakuja. Lakini nisiombewe."

"Hakuna atakayekuombea."

"Sisemi wasiniombee nyumbani kwao. Mbele za watu. Mkono mtu asiniwekee."

"Nakuahidi."

"Umesikia, mama?" akasema. "Ameahidi."

Mama hakuinua kichwa. "Nimesikia."

Alikuja. Darasa lilikuwa lile lile na madawati yale yale, na kwa kuwa mguu wake haukuingia kwenye dawati, tulimpa kiti cha mwalimu. Alizungumza kwa dakika kama kumi na tano. Hakumlaumu mtu. Aliwasimulia suruali, duara, sala yenyewe na goti la kushoto, akalitaja mara mbili, na jinsi umati ulivyoimba; wimbo aliuimba, na mtu mmoja nyuma alicheka kabla hajajizuia. Kisha nilisimama na kutoa kanuni mpya. Msiandike lolote. Kilichosemwa kwa siri kikae kichwani. Mbele za watu ombeni lile tu ambalo mtu mwenyewe ametaka liombewe. Walikuwa wameinamisha vichwa, wakiandika kanuni ya kutoandika.

Nilipotaka kufunga, mama mmoja mwinjilisti wa Homa Bay alisimama. Alikuwa amelia wakati kijana akizungumza. Leso yake ilikuwa imelowa.

"Hatuwezi kumwacha mtoto wetu aende hivi hivi," akasema.

Hilo lilitosha. Walijikwamua kutoka kwenye yale madawati wote kwa pamoja, magoti yakilia, wakamzunguka pale kwenye kiti, mikono imenyooshwa. Namba nne alinitazama katikati ya mikono yao.

"Ndugu zangu," nikasema, "tulikuwa tumekubaliana naye kwamba..."

Yule mama aligeuka. Wengine wakageuka.

"Japuonj, unazuia maombi?"

Walikuwa watu wa makanisa yaliyonipa kazi, na wote walinisubiri.

"Hapana," nikasema.

Akaweka kiganja kichwani mwa kijana na kufumba macho.

"Baba, hatuji na maneno mengi. Tunalileta goti la mtoto huyu, goti lake la..." Akasita. Akafumbua jicho moja na kumwinamia. "La wapi, wuoda?"

Wuoda ni mwanangu. Alimwita hivyo kwa upendo.

"La kushoto, mama," akasema namba nne, na akainamisha kichwa ili mkono wake umfikie vizuri.

Akaendelea, kwa ufupi na kwa mahsusi.